Mume Wangu na Mtihani wa Kidole

Mume wangu alianguka kwa sababu ya adabu. Watu wakiniuliza ilikuwaje, nawajibu kwamba ngazi iliteleza, maana nikisema ukweli wanacheka, na wakicheka mori unanipanda. Lakini ukweli ni huo. Alikuwa juu ya paa la nyumba ya watu, anapigilia bati, mama mwenye nyumba akatoka uani na beseni, akaanza kuanika nguo zake za ndani. Mwanamume mwingine angetazama pembeni kidogo, akaendelea na kazi. Wangu aligeuka mwili mzima, akarudi nyuma ili asione kabisa, akakanyaga ubao uliooza, akaja chini na mgongo umetangulia. Yule mama wala hakuwa na habari kwamba kuna mtu anamwonea haya.

Ndivyo alivyo. Mtaani wanamwita Bati, na ukiacha hizo haya zake, hakuna ubaya utakaousikia juu yake. Paa aliloezeka Bati halivuji. Lakini ni mtu anayebisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Nimezaa naye watoto, wameshakua na wana nyumba zao, na bado akibadilisha shati ananipa mgongo. Neno "choo" sijawahi kulisikia kinywani mwake. Akitaka kwenda husema "natoka kidogo," na ukimuuliza anatoka kwenda wapi anakuona umekosa malezi.

Mtu huyo, kati ya wanawake wote duniani, akaoa mwalimu wa chekechea. Kazini kwangu kutwa nzima ni makamasi, haja ndogo na haja kubwa, na kila mmoja anakuja kunitangazia ya kwake kwa sauti, tena kwa fahari. Nikirudi nyumbani nakuta mtu mzima ameumwa tumbo tangu asubuhi na hajamwambia yeyote.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo avunjike uti wa mgongo. Kuanzia chini ya kitovu hakuna kilichokuwa kikitikisika. Hospitali walimlaza, wakamfunga vyuma mgongoni, wakamrudisha kwangu kwenye kiti cha magurudumu pamoja na mirija, glavu na maelekezo. Vitu vyote alivyokwepa kuvitaja maisha yake yote ndivyo vikawa mazungumzo yetu ya kila siku. Yaani mazungumzo yangu, maana yeye alikuwa hasemi. Nikimwogesha alikuwa anafumba macho, akidhani asiponiona na mimi simwoni.

Nilikuwa nachoka. Nasema wazi, nilikuwa nachoka mpaka nasikia hasira na mabati ya nyumba za jirani.

Halafu ukaja ule utafiti. Kwenye ukumbi wa mazoezi pale hospitali kuna daktari bingwa wa mgongo, mama wa makamo, ambaye wagonjwa wanamwita Shangazi kwa sababu maneno yake ni makali na hakuna anayethubutu kumjibu. Alituita wagonjwa na ndugu zao, akatueleza. Uti wa mgongo ukiumia, si lazima uwe umekatika wote. Wakati mwingine kuna uzi mdogo umebaki, ujumbe kidogo bado unapenya. Yeye na wenzake walitaka kujua kama umeme mdogo, unaopitishwa mgongoni kwa vibandiko vyenye nyaya wakati mtu anafanya mazoezi, unaweza kuusaidia huo uzi. Kundi moja lingefanya mazoezi na umeme, kundi la pili mazoezi peke yake, kisha walinganishwe. Wote wangefanyishwa mazoezi na wataalamu karibu kila siku kwa miezi kadhaa, kitu ambacho sisi hatukuwa tunakiota. Wakati huo Bati alikuwa anapata nafasi ya mazoezi pale ukumbi unapokuwa hauna watu, na ukumbi huo haujawahi kukosa watu.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, uwe hujatimiza mwaka tangu uumie. Bati alikuwa amebakiza wiki chache. La pili, ule uzi uwe umebaki kweli, na namna ya kujua ni kupima mwisho kabisa wa uti wa mgongo, mahali ambapo neva zake zinaishia.

"Zinaishia wapi?" akauliza mzee mmoja.

"Kwenye njia ya haja kubwa," Shangazi akasema, kama mtu anayetaja kituo cha basi. "Daktari anavaa glavu, anaingiza kidole, anabonyeza. Ukisikia, una bahati."

Nikamtazama mume wangu. Uso ulikuwa umemshuka mpaka nikadhani ataanguka tena.

"Sisi tunauita mtihani wa kidole," akachombeza Refa, mgonjwa wa kiti cha jirani, aliyekuwa mwamuzi wa mpira kabla ya pikipiki kumtupa mtaroni. "Unaingia baba wa watu, unatoka umesahihishwa."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Bati hakucheka.

Siku ya kupimwa tulipangiwa daktari kijana, mpole, aliyenyoa vizuri, kila sentensi yake inaanza na "mzee wangu." Mimi niliwekwa nje ya pazia. Nikamsikia anaanza na pamba na pini, toka mabegani kushuka chini, hapa unasikia, hapa inachoma au inagusa tu, kwa utaratibu mzuri kabisa. Walipofika mwisho nikasikia kunong'ona. Kisha kicheko kidogo cha wanaume. Kisha pazia likafunguliwa, nao wanatoka wakizungumza habari za mpira.

Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote. Mtoto akitoka msalani upesi namna ile, namrudisha akanawe mikono. Lakini yule alikuwa daktari, na huyu mume wangu, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata namwogesha. Tuna kiti cha plastiki cha bafuni chenye uwazi katikati, na siku hiyo kilikuwa kimelala nje na mvua imekipiga. Nikamhamisha kutoka kiti cha magurudumu nikamketisha pale. Akashtuka.

"Mbona kiti kina baridi hivi?"

Nikasimama na kopo la maji mkononi.

"Umesema nini?"

"Nimesema maji yana baridi."

"Maji bado sijakumwagia. Umesema kiti."

"Mwalimu, nimwagie maji, mtu anaganda hapa."

Ananiita mwalimu akitaka mazungumzo yaishe. Nikammwagia maji huku namkagua. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mgongo wake haukuwa umegusa popote. Kilichogusa kile kiti ni makalio tu, na makalio hayo kwa mujibu wa kila mtu yalikuwa hayasikii kitu.

Jumatatu nikiwa darasani simu ikalia. Muuguzi wa utafiti. Akasema kwa sauti ya upole kwamba wanasikitika, mume wangu hakupita. Kipimo cha mwisho kimeonyesha hakuna hisia wala nguvu, kwa hiyo jeraha lake limehesabiwa kuwa kamili, yaani hakuna uzi uliobaki.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama. Daktari ameandika hakuna."

"Mwalimu!" akapiga kelele mtoto mmoja, amesimama mbele yangu ameshika kaptula. "Haja kubwa! Inakuja!"

Nikamtazama yule mtoto kwa upendo ambao hakuuelewa. Nikamkimbiza msalani, nikarudi, nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani.

Bati alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Nikaizima.

"Siku ile ulipimwa?"

"Nilipimwa. Si ulikuwepo?"

"Kidole. Ulipimwa kidole?"

Akatazama dari. Dari la nyumba yetu amelitengeneza mwenyewe, na akibanwa hulikagua utadhani ndiyo kwanza analiona.

"Tulielewana," akasema.

"Mlielewana nini?"

"Yule kijana ana malezi mazuri. Nikamwambia, mwanangu, huko hakuna kitu, usijisumbue. Naye akaona aibu kumvua mtu wa rika la baba yake. Tukaelewana."

"Akaandika hakuna."

"Si ndivyo nilivyomwambia?"

Sikumbuki yote niliyosema. Najua jirani alifunga dirisha lake. Nilimwambia kwamba heshima zake zimeshamtupa chini kutoka paa la watu, na sasa zinamzuia kuinuka. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, mimi ndiye ninayekagua ngozi yake kama ina vidonda, mimi ndiye ninayevaa hizo glavu kila asubuhi, na kwamba hakuna sehemu ya mwili wake iliyobaki siri, isipokuwa kwake mwenyewe. Alikaa kimya, mikono mapajani. Mtu akinyamaza hivyo unabaki unagombana na fanicha.

Kesho yake nikaenda hospitali. Shangazi alikuwa anakunywa chai amesimama, hana muda. Nikamweleza habari ya kunong'ona nyuma ya pazia, nikamweleza habari ya kiti. Akaweka kikombe chini, akamwita daktari kijana.

"Huyu mgonjwa ulimpima chini?"

Sifa moja ya yule kijana, hakudanganya.

"Hapana, daktari. Aliniomba. Nilimwona kama baba yangu."

"Baba yako angeumia mgongo, ungetaka apimwe au aonewe haya?"

Kijana masikio yalimwiva. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa kuwa malezi aliyonayo ndiyo ninayohangaika kuwapa watoto wa watu kila siku. Shangazi akanigeukia.

"Nitampima mwenyewe Ijumaa. Baada ya hapo orodha inafungwa. Lakini sikiliza, mama. Akubali kwa mdomo wake. Ukimburuza hapa akaniambia hataki, simgusi."

Kwa hiyo nikarudi nyumbani na kazi ngumu kuliko kumbeba: kumshawishi Bati. Nilianza kwa ukali, hakujibu. Nikaja na upole, akaniuliza kama ninaumwa. Binti yetu akapiga simu, akamwambia, "Baba, ni dakika moja tu," naye akamjibu, "Ongea na mama yako," akanipa simu. Refa naye akapiga bila kuombwa, akamwambia ajikaze kisabuni. Bati akamshukuru, akamtakia afya njema, akakata. Ijumaa inakaribia na yeye amekaa anasikiliza taarifa ya hali ya hewa ya miji asiyoijua.

Alhamisi jioni nilikuwa nakunja nguo, nimeshakata tamaa, hata kumtazama simtazami. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida:

"Na akipima akakuta hakuna kweli?"

Nikaendelea kukunja.

"Sasa hivi ni neno langu tu," akasema. "Najua nililisema kwa kukwepa. Kwa hiyo nikilala najiambia, labda kipo. Akipima yule mama, akasema hakuna, mimi nitabaki na nini?"

"Na kiti je?"

"Kiti nilikisikia. Au nilikumbuka tu jinsi viti vya baridi vilivyo. Nimekifikiria mpaka kichwa kinauma. Sijui. Wallahi, mke wangu, sijui."

Hakuwa ameniita mke wangu tangu aanguke. Hasira yote ikanitoka, nikabaki na shati lake mkononi. Wiki nzima nilikuwa nagombana na haya za mtu, kumbe nilikuwa nagombana na hofu, na hofu hiyo hata mimi ninayo, tena kubwa kuliko yake. Nikakaa kitandani karibu naye nikalia. Yeye akanipigapiga mkono, akatazama dari ili asinione ninavyolia.

"Mimi pia sijui," nikamwambia. "Twende tukajue."

Akaacha kunipigapiga mkono.

"Yule kijana asiwepo. Nitamtazamaje tena?"

"Atapima Shangazi."

"Shangazi ni mwanamke!"

"Bati," nikasema, "usinitie wazimu."

Ijumaa tukaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, kila mtu anajua tumefuata nini, maana Refa hana siri. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kutokea harusini, limepigwa pasi, kana kwamba ndilo litakalopimwa. Shangazi akamuuliza mbele yangu:

"Unakubali?"

"Nakubali," akasema, akitazama viatu vyake.

Wakampandisha kitandani, wakamlaza ubavu, pazia likavutwa. Nikasimama nje. Kisha sauti yake:

"Mwalimu, upo hapo?"

"Nipo."

"Usiondoke."

Nikamsikia Shangazi akivuta glavu. "Sikiliza, fundi. Kila nikiuliza, unasema ndiyo au hapana. Ndiyo kama unasikia nabonyeza. Hapana kama husikii. Usinifurahishe mimi, usimfurahishe mkeo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Neno lile tena. Nikauma meno.

"Sasa?"

"Hapana."



"Sasa?"

"Hapana."

Nikashika pazia. Nilianza kufikiria nitamwambia nini njiani, na jinsi nitakavyomtazama mtu ambaye nimemtoa kwenye labda yake nikampeleka kwenye hakuna. Nilijichukia, nikalichukia shati la harusi.

"Sasa?"

Kitu kama kunong'ona.

"Toa sauti, fundi. Mimi si kijana."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ndiyo. Ndiyo, daktari!"

Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Hata kapi za mazoezi, zile za kuvutia vyuma kwa kamba, zilikuwa zimesimama. Shangazi akavua glavu, nikasikia ikidondoka ndooni.

"Kila uliposema hapana," akasema, "nilikuwa sijabonyeza. Kila uliposema ndiyo, nilikuwa nabonyeza. Mwaka mzima unalala na hiki kitu hujakisema?"

Nyuma yangu Refa akapuliza kipenga kwa mdomo, kirefu, kile cha goli. Watu wakapiga makofi. Mume wangu, aliyekuwa hataki hata jirani ajue kama anakohoa, alikuwa amelala nyuma ya pazia huku ukumbi mzima unashangilia njia yake ya haja kubwa. Nikafunua pazia bila hodi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakufumba macho.

Ningependa kuishia hapo, lakini dunia hainipi raha kiasi hicho. Kugawa makundi ni kazi ya kompyuta, hakuna anayechagua, na kompyuta ikamweka Bati kundi la mazoezi peke yake. Nyaya hakupata. Baada ya vita vyote vile! Nikamfuata Shangazi na maneno yangu tayari mdomoni. Akanieleza kwamba bila kundi lile hakuna atakayejua kama umeme unasaidia au ni mazoezi tu, na kwamba mtu wa kundi lile anachangia sawa na mwenzake. Nikasema nimeelewa. Nilielewa, na sikuridhika, na mpaka leo nikiwaona wenye nyaya natamani kuwachomolea waya mmoja.

Bati mwenyewe alifurahi. "Afadhali," akaniambia. "Zile nyaya wanakubandika mgongo wazi, watu wote wanaona."



Anaenda mazoezini karibu kila siku. Daktari kijana ndiye anayemshika kiunoni anapojaribu kusimama kati ya mabomba mawili ya kushikilia, na wote wawili wanatazama ukutani kwa heshima. Kutembea hatembei. Shangazi haahidi, na mimi nimeacha kuuliza. Lakini tangu siku ile ya pazia, mtu yule ambaye hakuwahi kutaja mwili wake amekuwa hanyamazi. Shuka limekunjamana, anasema. Mto una mshono, anausikia. Nikimketisha bafuni ndiyo kabisa, kelele mpaka kwa jirani: kiti kina baridi, hivi mimi ni mke wa namna gani, mtu haoneshwi huruma hata ya kumwagiwa kiti maji ya moto kwanza.

Maji ya moto yapo. Birika liko pale pale karibu na mlango, na kila asubuhi nalipita. Nampandisha kwenye kiti kama kilivyolala nje, nasimama na kopo mkononi, nangoja apige kelele.